Kolwezi iwaone Katambayi na Baloji kwake, si kwenye simu tu

Laini kubwa ya umeme ya Inga inaishia Kolwezi. Inaanzia kwenye maporomoko ya mto Congo, upande wa magharibi kabisa, inakatiza nchi kwa karibu kilomita 1,700 na kuingia katika kituo cha kubadilishia umeme karibu na mji huu wa migodi. Ilimalizika mwaka 1982, na ilijengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba. Umeme unaosafiri ndani yake ni wa mkondo mnyoofu, usiogeuka mwelekeo. Unafaa kwa safari ndefu, lakini kijiji kilicho chini ya nguzo hakiwezi kuuchukua njiani bila mtambo wa bei kubwa. Ndiyo maana kuna watu waliozaliwa, wakaoa na kuzeeka chini ya nyaya hizo wakiwasha taa ya mafuta. Na Kolwezi yenyewe, ambako nyaya zinashukia, mama anayeuza samaki wa friji anajua vizuri delestaji ni nini.

Jean Katambayi Mukendi ameligeuza jambo hilo kuwa michoro. Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1974, akasomea ufundi wa umeme kabla ya kujulikana kama msanii, na ufundi huo haujamtoka mkononi. Mfululizo wake unaoitwa Afrolampe unaonyesha balbu, ile ya kawaida ya nyumbani, iliyochorwa kubwa kwenye karatasi. Ukiwa mbali unaona balbu. Ukisogea, balbu inapotea na unabaki na mistari myembamba, pembe na duara zinazopishana kama ramani ya mtambo ambao hakuna fundi aliyewahi kuujenga. Kazi zake nyingine ni mashine za kadibodi, nyaya na vipande vya vyombo vya umeme vilivyotupwa. Pamoja na wenzake wa kundi la On-Trade-Off, linalofuatilia njia ya litiamu ya Manono, alishiriki kusuka kwa waya wa shaba umbo la gari la Tesla, kama vile watoto wa mitaani wanavyosuka magari yao ya waya. Nani katika Katanga yote hajawahi kuvuta gari la namna hiyo?

Wa pili ni Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1978. Wengi wanamjua kwa picha zake za mwaka 2006, zile alizobandika wafanyakazi wa zamani wa Union Minière, waliopigwa picha na mzungu, mbele ya magofu ya Gécamines ya leo. Baadaye alikuja Kolwezi kupiga picha za migodi ya wachimbaji wa mikono, akaziweka kando ya mabango ya Kichina yenye bustani na maporomoko ya maji, yale yanayouzwa sokoni na kutundikwa sebuleni. Lakini kuna upande wake mwingine unaozungumzwa kidogo katika redio za jimbo. Amechukua mabati ya shaba na kuyagonga mpaka yakatoa chale zilizokuwa zikichorwa kwenye ngozi za wazee wetu: vitone, mistari, pembetatu zinazofuatana bila kuonyesha mtu wala mnyama. Kazi hizo zilitundikwa Venice mwaka 2015. Ametumia pia maganda ya mizinga yaliyotengenezwa kwa shaba, akapanda ndani yake mimea yenye asili ya Congo, kwa sababu familia za Ubelgiji zilikuwa na desturi ya kuyafanya maganda hayo vyombo vya maua baada ya vita.

Wawili hawa watundikwe pamoja, Kolwezi, katika maonyesho kamili ya miezi miwili au mitatu. Mmoja anaanzia kwenye sayansi ya umeme, mwingine kwenye madini, mimea na wadudu, na wote wawili wanafika kwenye mstari na kitone. Kila kitu wanachokishughulikia kinapita Kolwezi: shaba inachimbwa hapa, kobalti inachimbwa hapa, laini ya Inga inashukia hapa. Wanaozifahamu kazi zao zaidi, hata hivyo, wako Brussels, Kassel na New York. Kijana wa Manika aliyezaliwa juu ya mawe hayo anaziona, akibahatika, kwenye kioo cha simu iliyopasuka, na betri ya simu hiyo nayo huenda ina kobalti ya kwao.

Watakaopinga watasema kwanza kwamba sanaa ya namna hii, isiyochora uso wala nyumba wala simba, ni sanaa ya wazungu, na kwamba mkaaji wa Kolwezi ataipita bila kuielewa. Hoja hii inasikika sana, hata kutoka kwa watu waliosoma. Ni ya uongo, na ushahidi uko ndani ya jimbo lenyewe.

Lualaba, tangu Katanga ya zamani ilipogawanywa mwaka 2015, ina maeneo matano ya utawala, na mawili kati yake ni Dilolo na Sandoa. Huko wako Wachokwe, kama walivyo pia Angola na Zambia, na Wachokwe wana sona. Mjuzi wa sona anasawazisha mchanga kwa kiganja, anapiga vitone kwa ncha za vidole kwa umbali ulio sawa, kisha kwa kidole kimoja anavuta mstari unaozunguka vitone hivyo vyote. Mchoro bora ni ule unaokamilika kwa mstari mmoja, bila kuinua kidole na bila kurudia njia. Huku akichora anasimulia: kobe alivyofanya, kuku alivyokimbizwa, mtu alivyokwenda kumtafuta Mungu. Akisita katikati, waliokaa wanacheka. Mwisho wa hadithi ndio mwisho wa mstari. Halafu mchanga unafutwa.

Ndani ya mchezo huo kuna hesabu ngumu kuliko inavyodhaniwa. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefundisha Msumbiji kwa miaka mingi, aliandika vitabu kadhaa juu ya sona. Chukua ile aina inayofanana na msuko wa mkeka. Ukipiga vitone safu 5 kwa 6, mstari mmoja unatosha kuvizunguka vyote. Ukipiga safu 4 kwa 6, haiwezekani, utahitaji mistari miwili. Ukipiga 6 kwa 6 utahitaji sita. Idadi ya mistari ni sawa na namba kubwa kuliko zote inayoweza kuzigawanya zile namba mbili bila kubakiza kitu. Mzee wa Dilolo hakuandika kanuni hiyo kwenye ubao, lakini alijua ni vitone vingapi vitamwezesha kumaliza bila aibu mbele ya vijana. Mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari anayetaka wanafunzi wake waelewe kugawanya anaweza kutoka nao uani asubuhi moja na kujaribu. Hahitaji hata chaki.

Sasa mtu mwenye bibi anayetoka Sandoa aambiwe kwamba hawezi kuelewa mstari wa Katambayi?

Angola imeliona hili mapema. Mwezi wa Desemba 2023 UNESCO iliingiza sona katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika kwa mkono, na jina la nchi lililoandikwa pale ni la Angola. Ni haki yao, waliomba na wakapata. Lakini mpaka uliochorwa na Wareno na Wabelgiji haukuwahi kukata ujuzi huo vipande viwili. Jimbo la Lualaba lina wajuzi wa upande huu, wachache na wenye umri, na kila mmoja anayezikwa anazikwa na michoro yake. Hilo ni jambo la kufanyiwa kazi sasa, si katika bajeti ya miaka kumi ijayo.

Upande wa maumbile nao hauhitaji kutafutwa mbali. Kabla migodi ya wazi haijafumua nchi, mtu aliyetembea katika msitu wa miombo wa Katanga aliweza kukitambua kilima chenye shaba kwa macho tu: miti inakoma ghafla, juu kunabaki nyasi na maua madogo. Udongo wenye shaba nyingi ni sumu kwa mimea mingi, ila kuna michache iliyojifunza kuishi ndani yake. Mmoja wao, Haumaniastrum katangense, unaitwa ua la shaba, na wataalamu wa mambo ya kale wamewahi kuufuata ili kugundua mahali ambapo watu wa zamani walikuwa wakiyeyusha shaba na kuimimina katika ile misalaba inayojulikana dunia nzima. Mimea ya vilima hivyo, ambayo baadhi haioti popote pengine duniani, inapotea kilima kinapochimbwa. Kuna jiwe jingine ambalo kila mtu wa Kolwezi amelishika: malakiti, na zile duara zake za kijani kibichi na kijani nyeusi zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Wachongaji wa mjini wanalipasua na kulisugua kutoa mayai, shanga na visahani vya majivu ya sigara. Hakuna mchoraji aliyezichora duara hizo. Maji yaliyobeba shaba yalizipanga tabaka juu ya tabaka kwa muda mrefu usiohesabika. Na mwaka 1980 wataalamu wa madini walipokuta hapa jiwe la shaba na kobalti ambalo halikuwa na jina, waliliita kolwezite. Mji huu una jina lake katika vitabu vya sayansi, na watoto wengi wanaokwenda shule hapa hawajaambiwa.

Ukimweka mchongaji wa malakiti mbele ya bati la Baloji, ni nani atakuwa mgeni pale?

Maonyesho ya watu wawili wa Katanga kuhusu sayansi na nchi yao si jambo jipya. Mwaka 2011 yalifanyika, yakaitwa Congo Far West. Wawili hao walikuwa Baloji huyohuyo na mwandishi Patrick Mudekereza, mwenzake katika kuanzisha kituo cha Picha na biennale ya Lubumbashi mwaka 2008. Mahali palikuwa Tervuren, Ubelgiji, katika jumba la makumbusho la Afrika ya Kati. Baloji alifanyia kazi picha na michoro ya rangi ya maji ya msafara wa kisayansi wa Charles Lemaire, uliozunguka Katanga kati ya 1898 na 1900. Mchoraji wa msafara, Léon Dardenne, alichora milima, mimea na watu wa huku, na kila karatasi ikaenda Ubelgiji. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mtoto wa Lubumbashi alilazimika kupanda ndege ili kuona jinsi mito ya kwao ilivyochorwa. Hakuna wa kumlaumu Baloji, alifanya vizuri kwenda. Ila njia iliyofuatwa na karatasi za Dardenne ndiyo hiyohiyo iliyofuatwa na mawe: vitu vinatoka, vinasafishwa mbali, thamani inabaki huko.

Kuna kazi moja ya Baloji ambayo ingefaa kuwekwa mlangoni kabisa, ili kila anayeingia aipite kwanza. Inaitwa Essay on Urban Planning, ya mwaka 2013. Picha za Lubumbashi zilizopigwa kutoka angani zimepangwa kwa zamu na picha za masanduku ya wadudu wa jumba la makumbusho la Lubumbashi, nzi na mbu waliochomwa pini kwa safu. Kwa mbali zote zinaonekana kama mapambo tu, miraba ndani ya miraba. Ukikaribia unaona lile eneo tupu ambalo wakoloni waliliacha kati ya mitaa ya weupe na mitaa ya weusi, kwa hoja kwamba mbu wa malaria asingeweza kuruka mpaka upande wa pili. Katika mji huohuo mfanyakazi mweusi alitakiwa kuleta nzi 50 waliokufa ndipo apewe posho yake ya siku. Sayansi ilitumika kuwatenga watu, na vipimo vilikuwa sahihi. Mtu anayeishi leo Kasulo, ambako ukuta ulijengwa kuzunguka kartiye baada ya kobalti kupatikana chini ya nyumba, hatahitaji kuelezwa maana ya mstari uliochorwa juu ya ramani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na halifai kuchekwa. Mji ambao familia zinahamishwa ili mgodi upanuke una haja gani ya maonyesho ya michoro? Mwezi wa Septemba 2023 Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la haki za binadamu la hapahapa Kolwezi, zilitoa ripoti juu ya watu kuondolewa kwenye makazi yao, wakiwemo wa Cité Gécamines, kartiye iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi na ambayo sasa inaliwa pole pole na shimo. Vumbi, nyufa za kuta, maji machafu: orodha inajulikana. Mama aliyepewa fidia isiyotosha kununua kiwanja haitaji balbu ya karatasi.

Hiyo ni kweli, na maonyesho hayawezi kuitwa fidia hata siku moja. Anayeyatumia kufunika madai ya watu hao anastahili kuzomewa. Lakini watu wa Kolwezi wamekuwa wakiambiwa kwa miaka mingi kwamba kwanza barabara, kwanza hospitali, kwanza maji, na neno "kwanza" limegeuka kuwa namna ya kusema "kamwe". Zaidi ya hayo, kartiye inapobomolewa, kinachopotea si kuta peke yake. Wazee waliofanya kazi Gécamines kabla haijaanguka, waliojua majina ya kila mtambo na kila kisima cha mgodi, wanatawanyika kwenda kuishi kwa watoto wao. Baadhi ya mambo wanayoyakumbuka yamo katika kazi za wasanii hawa wawili, kwa sababu wote wamekulia katika Katanga ya kambi za wafanyakazi na ving'ora vya asubuhi. Kuzileta hapa kabla wazee hawajaondoka ni tofauti sana na kuzileta baadaye.

Na fedha? Sheria ya madini ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018, na inasema waziwazi mrabaha wa madini unavyogawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo la utawala ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo, kila kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa ajili ya miradi ya jamii inayozunguka mgodi. Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa inatoka katika jimbo hili. Gharama ya kukodi ukumbi, kusafirisha makasha ya michoro kilomita mia tatu hivi kutoka Lubumbashi, au hata bima ya kazi zitakazotoka Ulaya, haiwezi kuonekana katika hesabu hizo hata kwa miwani.

Ila fedha zitoke kwenye ile 15 ya maeneo ya utawala, yaani komine za Dilala na Manika, au kwenye sehemu ya jimbo, kwa uamuzi uliopigiwa kura na kuandikwa kwenye bajeti. Zisitoke kwenye mfuko wa matangazo wa kampuni. Siku nembo ya mgodi itakapobandikwa juu ya mlango wa maonyesho haya, Afrolampe itakuwa tangazo la betri za magari ya umeme, na bati la chale litakuwa pambo la ofisi ya mkurugenzi. Wasanii wenyewe pengine wangekataa. Hata wasipokataa, jimbo linapaswa kuwaepusha na swali hilo.

Maelezo ya ukutani yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na Kifaransa kifuate chini. Mara nyingi hufanywa kinyume, kisha watu wanashangaa kwa nini aliyeingia ni mkuu wa polisi, mabwana wachache wa ubalozi na wapiga picha. Watakaowatembeza wageni wasitoke Kinshasa. Mafundi wa umeme wapo mjini, waliozeeka kwenye nguzo na mashine za SNEL. Mmoja wao akisimama mbele ya mchoro wa Katambayi akaeleza ni wapi mkondo ungepita na ni wapi ungekatika, wanafunzi wa shule za ufundi watamsikiliza kuliko watakavyomsikiliza profesa. Wachongaji wa malakiti wapewe meza ndani, si nje getini ambako wanafukuzwa. Wanafunzi wa msingi waingie bure, kwa zamu, shule kwa shule, na siku ya Jumapili baada ya misa pawe wazi kwa familia.

Na uani pamwagwe mchanga. Lori moja linatosha. Waitwe wazee wawili au watatu kutoka Dilolo na Sandoa, walipiwe usafiri, chakula na siku zao za kazi kama anavyolipiwa mtaalamu yeyote, wakae pale wapige vitone vyao mbele ya watoto, 5 kwa 6, kisha 4 kwa 6. Kijana mmoja awepo na kamera anasa sauti na mkono, ili hadithi na mstari vihifadhiwe pamoja, na nakala ibaki katika maktaba ya Kolwezi kabla ya nyingine yoyote kupelekwa kwingine.